Susafoni ya Pili

Litembo, 6 Machi 1995

Baba Florian,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mafua uliyoondoka nayo yamepona kwa hewa ya ziwani. Sisi ni wazima, ila mbuzi anachechemea.

Ulisema siku tatu. Ulisema nyasi ulizofyeka zinahitaji kukauka, na zikikauka utakuwa umerudi kuzilaza. Zimekauka, Baba Florian. Zimenyeshewa, zimekauka tena. Wenzangu wanachimba mashimo yao ya ngolo, wanafukia nyasi ambazo waume zao wamezipanga mraba kwa mraba, na mimi nasimama juu ya mteremko kama mgeni. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanamume, kuchimba ni yangu, na siwezi kuchimba juu ya nyasi zilizotawanyika. Bila ngolo hakuna maharage, na bila maharage sijui mwaka huu tutakula nini, maana bei ya kahawa unaijua mwenyewe.

Susafoni unayo, tarumbeta lako la besi la kuvaa begani. Ipo kitandani, upande wako, ulipoiacha. Ya pili ni ya nini?

Mkeo,
Mama Florian

Mbamba Bay, 13 Machi 1995

Mama Florian mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati. Mafua yameisha. Pole kwa mbuzi, na pole kwako pia.

Laiti ungeiona. Ni ndogo kama yetu, zile za zamani walizowatengenezea watu wafupi. Yale matarumbeta makubwa ya besi ya parokia yalinifanya nitembee kama nimebeba mlango. Hii inanikaa. Unapitisha kichwa, inakulalia begani, inakuzunguka kiunoni, na ukipuliza sauti haianzii masikioni, inaanzia tumboni, kisha ukuta unaitikia. Shaba yake ni nene, na mdomo wake umechorwa majani kwa mkono. Pistoni ya kati ilikuwa imekwama, nimeisafisha mpaka inateleza.

Ni ya marehemu mume wa Mama Luisa, aliyekuwa mpiga besi wa bendi huku. Tangu biashara ilipofunguliwa wanunuzi wa shaba wanapita kila wiki kutafuta ya kuyeyusha, na mtoto wake mkubwa ameshaanza kuongea nao. Kuyeyusha kitu kama hiki! Mama Luisa amesema atanipa bure, mradi nishike nyimbo zote alizokuwa anapiga mumewe. Ananiimbia kwa Kinyasa, mimi nafuata. Zimebaki mbili.

Nyasi nakuja kuzilaza mwenyewe. Ignatio asiziguse. Mdogo wangu akilaza nyasi zangu, mimi nitaonekanaje?

Mumeo,
Baba Florian

Litembo, 20 Machi 1995

Baba Florian,

Salamu. Sisi hatujambo. Mbuzi amepona.

Umeandika zimebaki nyimbo mbili. Aliyeleta barua anasema siku anaondoka ulimwambia nne.

Mimi nipo huku milimani na nimeelewa kitu ambacho wewe uliye uani kwake hujakielewa. Huyo mama hana haraka ya kukupa. Anataka kusikia. Kila asubuhi atakumbuka wimbo mwingine, na wewe utakaa hapo unapuliza mpaka meno yakutoke. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Ignatio alikuja mwenyewe kuuliza kama asaidie. Nikamsomea ulichoandika. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema basi, hawezi kugombana na kaka yake kwa sababu ya nyasi. Kwa hiyo yeye hawezi kuzigusa, mimi si kazi yangu, na mwenye kazi anajifunza nyimbo. Nimechoka kueleza watu ulipo.

Mkeo,
Mama Florian

Mbamba Bay, 3 Aprili 1995

Mama Florian,

Salamu nyingi sana. Nimekutumia usipa, dagaa wa huku, kwenye kikapu; uule kabla haujaota ukungu.

Najua umekasirika, na una haki. Lakini zimebaki tatu tu. Jana Mama Luisa alikumbuka wimbo uliopigwa siku ya harusi yake. Akiimba anafumba macho, na mimi siwezi kuacha katikati nikamwambia nina nyasi. Nivumilie hadi Pasaka.

Mumeo,
Baba Florian

Litembo, 17 Aprili 1995

Baba Florian,

Heri ya Pasaka. Usipa ulifika, asante. Afya zetu ni njema, isipokuwa kiuno changu, na sababu yake nakueleza sasa.

Siku nilipopata barua yako niliikunja nikaenda shambani, nikalaza nyasi mwenyewe. Mistari ya kwanza ilipinda, nikaivuruga, nikaanza upya. Siku ya pili watu walisimama barabarani kuangalia. Baba yako alituma mtu aniulize kama umekufa. Nilimjibu kwamba bado. Siku ya nne nikaanza kuchimba, na maharage yapo ardhini.

Jana kwenye Misa bendi ilipiga bila besi. Nyimbo zilikuwa nyembamba, zinapita juu ya vichwa na kwenda zake. Nilikukumbuka, na nilikasirika zaidi kwa kukukumbuka. Mimi sijawahi kuichukia susafoni. Nilikupenda ukiwa umeivaa, wewe unajua. Ninachochukia ni kungoja.

Msomee Mama Luisa barua hii, yote.

Mkeo,
Mama Florian

Mbamba Bay, 21 Aprili 1995

Mama Florian,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Umenivunjia heshima mbele ya mlima mzima. Nilikusudia kukuandikia kurasa tatu za hasira. Lakini nilimsomea kwanza Mama Luisa kama ulivyotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na susafoni. Alisema, "Mimi namngoja aliyekufa. Mkeo anamngoja mtu aliye hai na afya yake. Chukua hii uondoke."

Nimeona aibu, Mama Florian, na nakuambia wazi. Nafika Jumatano. Niambie tu nifanye nini.

Mumeo,
Baba Florian

Mbuji, 25 Aprili 1995

Baba Florian,

Karibu nyumbani, na pole na safari. Barua hii nimempelekea Ignatio akupe. Dawa ya kuchua mgongo ipo dirishani.

Sijaikimbia nyumba. Nipo Mbuji kwa Emerensiana, mjane mmoja niliyesali naye Pasaka hii. Shamba lake lilikaa bila kulimwa mwaka mzima kwa kukosa mwanamume wa kulaza nyasi. Alikuja akaiona mistari yangu, akaniomba. Nilitegemea kumaliza jana, lakini jirani yake naye ana mteremko, na mwingine ameshanisimamisha njiani.

Nitakuambia ukweli. Mraba ukikaa sawa kona zote nne, nasimama nauangalia, na siondoki upesi. Kwa hiyo sasa najua kitu kinavyomshika mtu. Hasira yangu bado ipo palepale, usidhani imeisha, ila naijua vizuri zaidi. Siwezi kukutajia siku ya kurudi.

Umeuliza ufanye nini. Maharage yameota vizuri, na magugu nayo. Najua palizi ni kazi ya wanawake. Jembe dogo lipo nyuma ya mlango.

Mkeo,
Mama Florian