Chumba cha Madebe ya Asali

Ibra, Omani, Jumatatu

Mdogo wangu Kazija,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tabora, na nyingine zibaki njiani zikungoje. Goti lako vipi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila meno yamebaki ya kuchekea tu, ya kutafunia yameshakwenda. Simu sipigi tena. Mara ya mwisho nimepiga kelele mpaka jirani yangu Badria kaja mbio, na wewe na masikio yako hukupata hata neno. Basi nasema mimi, anaandika mjukuu wangu Wijdan. Wewe ulipelekwa skuli, utasoma. Kiswahili chake cha kuokota, kwa hiyo nakwenda naye polepole.

Nyumba kubwa, Kazija, na mimi peke yangu ndani. Watoto wote wako Maskati. Wakija Alhamisi, Jumamosi wameondoka, wananiachia friza imejaa na vyumba vitupu. Wijdan ndiye aliyerudi kukaa nami, amemaliza masomo Amerika.

Huko walimpeleka kuiona nyumba aliyozaliwa raisi wao mmoja wa zamani. Anasema kibanda cha mbao, vyumba viwili. Mbuzi wangu wanalala pazuri zaidi. Lakini wamekitunza kama yai, wamezungusha kamba, hugusi kitu. Mlinzi kawaeleza kuwa kitanda si kile chenyewe. Chenyewe kimepotea, wametafuta kinachofanana nacho. Nimecheka mpaka nikakohoa: watu wanafunga safari kukiamkia kitanda cha mtu mwengine!

Wijdan hakucheka. Alisema wao wamemhifadhia raisi, yeye atamhifadhia bibi yake. Miezi mitatu sasa yumo katika nyumba ya babu yetu, ile ya udongo huku Ibra ya zamani, anafagia, anaziba nyufa. Amekwenda mpaka soko la Sinaw kununua susu kuukuu ya kulazia mtoto, kaitundika. Mlangoni ametia kibao: Hapa amezaliwa Turkiya binti Mahrous. Badria alipoiona ile susu alilia, akanambia masikini, ulikuwa mdogo namna gani. Ijumaa ukoo mzima unakuja, mimi niketishwe mlangoni kama bibi harusi.

Na wiki hiyo hiyo barua yako imefika, unasema utakivunja chumba cha nyuma ya duka la baba, ujenge choo.

Wijdan, hapa usisimamishe kalamu.

Kazija, nilipokuja kuolewa huku, mama mkwe aliniuliza mbele ya wanawake wote nimezaliwa wapi. Walikuwa wakikicheka Kiarabu changu, wakinambia nimekuja na tope la Afrika miguuni. Nikasema nimezaliwa Ibra, nyumba ya babu, nikachukuliwa mchanga kupelekwa Afrika. Nilitaka wanyamaze tu. Wakanyamaza. Mume wangu Hood kafa analiamini neno hilo. Wanangu wanaliamini.

Nimezaliwa huko Tabora, katika chumba kile cha nyuma ya duka, baina ya madebe ya asali, mvua imekata njia na mkunga hajafika, baba mwenyewe kanipokea na mikono yake ina nta. Mama alikuwa akinambia nilinata. Nimemkana mama mbele ya watu wasiomjua, miaka hamsini. Mpaka leo nikinusa nta nakwenda uani, nisionekane uso.

Usikivunje. Choo jenga kwengine, hata sebuleni. Na kama umeshakivunja, usinambie.

Wijdan alikuwa ameweka kalamu chini. Nilidhani atanyanyuka aende zake. Hakuniuliza kwa nini. Ameniuliza mlango wa chumba hicho unatazama wapi. Nimemwambia unatazama kisimani, na haufungi vizuri.

Nisalimie wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe. Mungu akuweke mpaka nikuone kwa macho.

Dada yako,
Turkiya binti Mahrous

Bibi Kazija, ni mimi Wijdan. Bibi anasali sasa, haoni hii. Kibao natoa kabla ya Ijumaa. Chumba usivunja, tafadhali. Kama imevunjika, mimi niambie. Yeye usimwambie.