Kisima Chini ya Tuta

Jumatatu, 14 Aprili
Zamu ya asubuhi bwawani, kazi yangu ya mamlaka ya maji, mvua hiyohiyo. Bwawa limejaa, mawimbi yanalamba juu ya tuta. Nimeshuka upande wa pili, nikamkuta mama mkwe na jembe. Anapanua kisima! Maji yamechipuka chini ya tuta, majirani wanashangilia, eti Mungu kawashushia chemchemi. Chemchemi gani? Bwawa linavuja. Tuta la udongo, la enzi za babu zetu.

Jumatano, 16 Aprili
Nimempa shikamoo yake, nikamwomba asichimbe tena, anamega mguu wa tuta. Kanuna. "Wewe wa maji ya bili. Haya ya Mungu yanakuudhi nini?" Mkwe hajibiwi. Ila nyumba yake ndiyo ya kwanza hapo chini, na wanangu wanalala humo nikiwa zamu.

Ijumaa, 18 Aprili
Leo kisima kina rangi ya chai ya maziwa. Udongo wa tuta unatoka na maji. Naogopa, sina neno jingine.

Bosi kapiga simu kutoka Korogwe: fungua valvu, punguza bwawa. Yaani nimwage maji ya kiangazi ya Handeni nzima. Valvu imeshika kutu, tumeining'inia watu watatu hadi ikalia, ikafunguka. Watoto nimewapeleka kwa dada. Mama mkwe kagoma. Kakaa mlangoni na tasbihi yake. Nimemchukia, nimemlilia, vyote pamoja.

Jumamosi, 19 Aprili
Usipoziba ufa utajenga ukuta, majirani wananiambia. Huu hauzibwi, jamani! Ukiziba hapa, yatatokea pengine. Tumemwaga mchanga kisimani, juu yake kokoto, maji yapite, udongo ubaki. Watu wa mjini wamekuja kunitukana, eti namwaga riziki yao. Kila nikilitazama tuta naliona linasogea. Halijasogea.

Jumatano, 23 Aprili
Bwawa limeshuka sana. Kisima kimekauka.

Mama mkwe kaja na ndoo, kainama, kashika kokoto kavu. Katazama bwawa. Katazama nyumba yake. "Kumbe," kasema. Hilo tu.

Jioni yuko kwenye foleni ya bomba. Mwanamume mmoja kaniona, kaanza matusi. Mama mkwe kamgeukia: "Huyo mwanangu. Anza na mimi."

Miaka yote hii alikuwa akiniita mke wa mwanangu. Nimesimama nyuma yake na ndoo yangu.