Midomo ya Baba

Jumatatu, 2 Juni

Nimesahihisha mitihani ya Kidato cha Pili mpaka saa tisa. Mkono unauma. Nusu ya darasa wameandika kitu kimoja, na wamekosea kitu kimoja. Siku ishirini na sita kabla ya harusi.

Godwin amenitumia video tano za harusi za watu, nichague mtindo. Nimezitazama zote nikinywa chai. Ya kwanza ina moshi mweupe miguuni. Ya pili kila mtu anatembea kama yuko ndani ya maji. Ya tatu imetiwa rangi ya kahawia ionekane ya kizamani, na bibi harusi kabandika kope za mwaka huu. Hakuna hata moja yenye mtu anayeongea akasikika. Nyimbo tu, mwanzo mpaka mwisho.

Nimemjibu: nataka ya kawaida. Kamera isimame, watu waongee, wasikike. Akajibu "sawa". Mchumba wangu na "sawa" yake.

Jumatano, 4 Juni

Niandike kwa nini, nisije nikajiona mkaidi bure.

Baba alikufa nina miaka miwili. Mahali pekee ninapomwona akitembea ni mkanda wa harusi yake na Mama. Sasa uko kwenye flashi. Aliyeutengeneza alikuwa mtaalamu wa siku zile: mioyo inaruka, picha inakatika vipande kama karata, na wimbo wa kizungu wa mapenzi umelazwa juu ya kila kitu. Baba anasimama. Anashika maiki. Midomo inacheza. Wimbo unaendelea. Mwishoni watu wanacheka wote, mpaka mchungaji anafunika mdomo kwa mkono.

Sijui alisema nini. Nimetazama midomo ile tangu utoto na sijui.

Mama naye hajui. Bibi harusi wa Kihaya hutazama chini. Kwa woga wa siku ile alisikia kicheko tu, akaona aibu.

Anayeyakumbuka bado ni Bibi, mama yake Baba. Nikimuuliza jibu ni lile lile: maneno ya harusi husemwa harusini, siku nitakayokupakata utayasikia. Kwetu binti haondoki nyumbani mpaka aketi mapajani pa mzazi, aambiwe maneno ya kuondokea. Baba hayupo. Atanipakata Bibi. Ndiyo sababu nataka sauti. Basi.

Jumapili, 8 Juni

Kaka Justus amepiga simu kutoka Dar, katikati ya kikao cha harusi. Ni kaka mkubwa wa Godwin, ndiye aliyemsomesha. Zawadi yake kwetu ni video. Anawaleta vijana watatu kutoka huko huko, na droni. Kamati nzima imepiga makofi. Nilikuwepo. Nami nilipiga.

Baada ya kikao nikamvuta Godwin pembeni. Nikamweleza habari ya mkanda wa Baba kuanzia mwanzo, kwa mara ya kwanza. Alinisikiliza akitazama viatu. Kisha akasema zawadi ya kaka haikataliwi.

Najua haikataliwi. Sikumwambia aikatae. Nilitaka aseme neno moja la upande wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Kagoma, nyumbani. Shule imefungwa na mimi nimefungwa. Shangazi, dada yake Baba, amenipokea mlangoni kama mfungwa aliyehamishwa gereza. Marufuku jua. Marufuku kwenda Muleba sokoni. Kula, kupakwa mafuta, kulala. Hata kibanjani nikatazame migomba naambiwa nitaparara.

Nina miaka ishirini na tisa. Nafundisha watoto wa watu. Nimeomba ruhusa ya kwenda chooni bila kusindikizwa, na imejadiliwa.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nimetolewa nje, kwa ruhusa maalumu, kwa sababu ni zawadi ya wakwe. Bukoba, ufukweni. Video ya kabla ya harusi. Kiongozi wa wale vijana anaitwa Sele, mimi namwita Dairekta. Ana kofia na amri. Nimekimbia mchangani mara sita nikimkimbilia Godwin, ambaye nilikuwa nimekaa naye kwenye gari saa nzima. Mara ya saba nikajikwaa. Akasema hiyo ndiyo nzuri.

Nilimwomba kitu kimoja. Siku ya kupakatwa, ambanie Bibi maiki ndogo kwenye nguo. Akacheka, bila ubaya.

"Dada, sauti ni za taarifa ya habari. Harusi ni hisia. Hapo nitaweka wimbo, utalia mpaka uzeeke."

Nikamtazama Godwin. Alikuwa anakung'uta mchanga kwenye soksi.

Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo. Kesho nitaona.

Ijumaa, 27 Juni

Kesho.

Nilifikiri nitajirekodia mwenyewe kwa simu, niifiche kwenye gauni. Shangazi ameichukua jioni hii na kuifungia kabatini. Bibi harusi hashiki simu, atashikaje na yuko kwenye msiba wa kuondoka? Ufunguo kauweka kifuani. Hakuna wa kuufuata kule.

Nikamwomba Mama arekodi yeye. Mama atakuwa jikoni na wanawake wenzake mpaka dakika ya mwisho, na simu yake ni ya tochi.

Maji nimeyavulia nguo. Nitayaoga.

Bibi amekuja kunitazama. Ameketi kitandani, kanishika kisigino. Halafu akasema, kwa Kihaya, kwamba maneno ya Baba anayo tayari mdomoni. Nisikilize vizuri, kwa sababu baraka haisemwi mara mbili. Ya pili ni hotuba.

Jumatatu, 30 Juni

Nyanga, kwa Godwin. Kwetu, niseme. Nimeolewa tangu juzi.

Nataka kuandika kilichotokea uani Kagoma, kisha nisikiandike tena.

Mkeka ukatandikwa. Bibi akaketi. Nikaketi mapajani pake, nikiogopa kumvunja. Nimefunikwa shela, macho chini, kama Mama. Godwin kaletwa, kaketi kushoto kwetu, karibu kabisa, magoti yanamgusa Bibi. Mkono kautia mfuko wa ndani wa koti, na hakuutoa. Anatafuta nini? Funguo? Nikakasirika hapo hapo, mapajani pa Bibi.

Bibi akaanza. Akaniita jina langu lote, Kokushubira. Akasema, baba yako siku yake alisimama akasema.

Na droni ikashuka.

Ilikuja mpaka usawa wa paa, inavuma. Majani makavu ya migomba yakaruka, vumbi likaingia ndani ya shela, nikakohoa. Watoto wakapiga kelele. Wapiga tarumbeta kule nje wakadhani ndiyo ishara, wakaanza. Bibi hakunyanyua sauti. Aligeuza uso kukimbia upepo, akasemea upande wa bega langu la kushoto, polepole, mpaka mwisho. Nilihisi mbavu zake zikitetemeka anavyoongea. Neno sikupata hata moja.

Dairekta akaja mbio. Mama mkubwa, tafadhali, turudie mara moja, droni ilikuwa haijakaa vizuri.

Bibi akamtazama kwa huruma. Akaniinua.

Sikumwambia mtu kuwa sikusikia. Nitaanzaje? Nimengoja miaka yote hii, nikapewa, nikaangusha. Godwin ameniuliza jana kama nimechoka. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 26 Julai

Video imefika. Kaka Justus kapiga simu kabla hatujamaliza kuitazama, anataka kujua kama tumelia.

Ni nzuri. Nikatae nini? Nyumba yetu ya Kagoma inaonekana kutoka juu, kijani pande zote, sijawahi kuiona hivyo. Mimi nakimbia mchangani, najikwaa. Ikafika uani. Bibi, mimi mapajani, polepole, majani yanaruka kama tumenyunyiziwa. Midomo ya Bibi inacheza. Juu yake wimbo.

Nikalia. Godwin akadhani ni ile hisia ya Dairekta, akacheka kidogo. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kwa kupayuka: sikusikia, sikusikia hata neno, na wewe ulikuwa unachezea mfuko.

Akasimamisha video.

"Hukusikia? Mimi nilijua umesikia."

Akatoa simu. Akanionyesha video ya siku ile. Kioo cheusi tupu. Ni bitana ya koti lake. Dakika saba za giza. Nikataka kumuuliza hii ni nini, kisha giza likaanza kuongea. Droni inavuma, ndiyo, na tarumbeta zipo mbali. Lakini Bibi yuko karibu kuliko vyote.

Nimesikiliza mara nne. Godwin kasema tu, "Si ulisema unataka sauti?"

Jumapili, 27 Julai

Baada ya ibada tumeshuka Kagoma. Bibi alikuwa amelala, hatukumwamsha.

Nimempa Mama simu sebuleni. Kaishika mbali na uso, anatafuta picha. Nikamwambia hakuna picha, Mae, mama yangu, sikiliza.

Maneno ya Baba ni haya, kwa Kiswahili changu: "Wazee, mimi si msemaji. Huyu nimemwona na yeye ameniona. Siku akichoka, ndizi nitamenya mwenyewe." Mwanamume wa Kihaya, mbele ya mchungaji na wakwe, kumenya ndizi, kazi ya wanawake. Ndiyo maana walicheka.

Mama hakucheka. Akauliza kama kuna mengine. Nikamwambia ni hayo. Akasema, na alimenya. Nikiwa na mimba yako alimenya, mlango umefungwa.

Hilo nalo sikuwa nalijua.

Tumeweka ule mkanda wa zamani kwenye televisheni. Godwin akazima sauti. Mioyo ikaruka, karata zikapita, Baba akasimama, akashika maiki. Mama akasogeza kiti. Midomo ilipoanza kucheza akaanza naye, kwa Kihaya, taratibu, akimfuata. Walimaliza pamoja, na watu wakacheka.