Damu ya Mikono Miwili

Jumanne, baada ya Isha

Na mimi nilivyomfokea yule nesi Ijumaa. Zuhura wangu anaungua homa, na yeye anamtoa damu mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Nikamwambia, "Mtoto ana damu ya kijiko, unataka kuimaliza?" Akasema tu, "Pole mama, mkono mmoja unaweza kutudanganya, lazima tuwe na uhakika."

Leo majibu yametoka maabara. Wadudu wamo kwenye damu kweli, na dawa iliyozoeleka haiwawezi tena. Nikamuuliza daktari, "Sasa mwanangu?"

"Tulia, Mama Zuhura," daktari akasema. "Hiyo hatukumpa."

Kumbe damu ya kila mgonjwa wanaifuatilia, wanaona dawa gani inazidi kushindwa. Ndiyo maana tangu Ijumaa walimwekea dawa nyingine. Watoto wa watu nisiowajua ndio waliomchagulia wangu dawa.

Na hii nayo ikishindwa siku moja? Nilimuuliza. Akasema ndiyo sababu hawaachi kuangalia. Bado naogopa kidogo. Lakini homa imeshuka, na jioni Zuhura ameomba chai na mandazi, akala mpaka akasinzia.

Kabla sijatoka wodini, kwenye kitanda cha jirani kaletwa mtoto mchanga. Mama yake analia, "Mikono yote miwili?"

Nikakishika kile kimkono cha kushoto, kina moto kama cha Zuhura siku ile. Nikamwambia, "Waache wachukue, dada. Wangu yule pale, amelala ameshiba."