Mama Yangu Ndiye Aliyekuwa Akivunja Skrubu za Kabureta

Bi Mwanaharusi, mshauri wetu,

Pokea salamu kutoka Masoko, Rungwe, huku mvua haitaki kupumzika na mimi sina hamu hata ya kula. Naomba unisaidie kwa sababu tangu Jumamosi sijui nimweleze nani, maana jambo lenyewe nikilitamka kwa sauti hata mimi mwenyewe silisadiki.

Naitwa Ackson, ni bwana shamba, kazi yangu ni kuwazungukia wakulima wa kahawa na migomba, na kwa ajili hiyo nimepewa pikipiki ya serikali, na nyumbani tunaishi watatu, mimi na mke wangu Atupele ambaye ni mjamzito, na mama yangu mzazi, Tusekile, ambaye ni mjane. Basi pikipiki hiyo ilianza kunisumbua tangu mwaka jana, naiacha jioni ikiwa nzima, asubuhi naiwasha inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakunywa petroli kama maji, na nikiachia mafuta kidogo tu inazima. Nikaikokota mpaka kwa Bushiri, fundi wa pale Msasani mjini Tukuyu, rafiki yangu, mtu ambaye marehemu baba yake alikuja huku kutoka Kilwa akiwa fundi baiskeli. Bushiri akafungua kabureta akanionyesha zile skrubu mbili ndogo za pembeni, moja ya kupima hewa na moja ya kushikilia mlio wa injini pikipiki ikiwa imesimama, akasema hii ya hewa imekazwa mpaka mwisho, kichwa kimekatika na kisiki kimebaki ndani. Aliilowesha kwa mafuta ya taa, akachora mfereji juu ya kile kisiki kwa msumeno mwembamba, akakifungua polepole bila kukilazimisha kwa sababu alisema kabureta ni chuma laini, akatia skrubu nyingine, nikashukuru nikaondoka.

Haikupita muda ikavunjika tena, safari hii ile ya mlio, akatengeneza, ikavunjika tena ile ya hewa, ndipo siku moja Bushiri akaniambia, “Bwana shamba, hizi skrubu hazikatiki zenyewe. Kuna mtu anazikaza kwa ncha ya kisu. Tazama mikwaruzo.” Mimi maneno yale niliyachukua vibaya, nikaona anajikinga, na mwenzangu mmoja kazini akanitia sumu kwamba mafundi ndio wanaovunja ili turudi kwao, na kwa kuwa wakati ule kila mkutano ulikuwa wa kuwataja wahujumu uchumi, nilisimama mbele ya watu nikamtaja Bushiri kuwa anahujumu mali ya umma. Sikumtaja kwa kunong'ona, nilimtaja kwa jina lake na la baba yake. Yeye alinitazama akasema neno moja tu, “Ackson, wewe?” Akanyang'anywa kazi za magari ya serikali, karakana yake ikafungwa kwa kufuli, na sasa mkewe Shamsia anauza vitumbua kando ya barabara wakila kwa hivyo.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimejiandaa kwenda Igogwe kwa shughuli zangu, nikavuka kwa jirani kuazima koti la mvua, nikarudi kwa njia ya migombani, na pale barazani kwangu nikamwona mama yangu amechuchumaa ubavuni mwa pikipiki, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, ametoa ulimi kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, anakaza, anakaza, mpaka nikasikia tik!

“Mama!”

Hakushtuka. Alifuta kisu kwenye khanga, akainuka taratibu kwa sababu ya magoti yake.

“Umerudi upesi,” akasema.

“Ni wewe siku zote?”

“Ni mimi. Lakini si siku zote. Siku za Igogwe tu.”

Akaendelea kwa sauti ya chini, maana Atupele alikuwa jikoni. “Ukivaa buti zako za shamba siigusi. Ukivaa hilo shati la pasi, naikaza. Mwenzako ana mimba, Ackson. Ungekuwa ndama ningekufunga kamba. Siku ulipoipeleka kusafishwa tukitoka kliniki, kabla haijaanza kukusumbua, yule Bushiri alinikalisha kwenye kigoda chake akanionyesha kila kitu, akaniambia mama, hii ikiharibika mwanao haendi mbali.”

Kwa hasira na aibu nikamwambia, “Huyo Bushiri karakana yake imefungwa kwa sababu yako!”

Kisu kilimdondoka. Hakuwa na habari, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia, mimi sikumwambia. “Nani amesema ni yeye?” akauliza. Nikainama kuokota kisu. “Ni wewe umesema? Mbele ya watu?” Uso wake ulikuwa kama nimempiga kofi. Akaingia ndani akatoka na viatu vyake vya kanisani, akasema, “Twende Tukuyu sasa hivi, nitasema mwenyewe.” Mimi nikasimama mlangoni nikamzuia, kwa sababu nilifikiria mama yangu, mtu mzima, kuitwa mhujumu, na ile ni mali ya serikali, labda watamshitaki, na tena Atupele atauliza ilikuwaje.

Tangu siku hiyo mama hali chakula, anakaa mlangoni na viatu miguuni. Mimi nilijaribu kutoa kile kisiki cha skrubu kwa msumari, nikaharibu na hesi za kabureta, ile michirizi ya ndani inayoshika skrubu, pikipiki haiwaki kabisa. Kuhusu Igogwe, kuna dada huko, ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, tunazungumza tu, isieleweke vibaya. Naomba unieleze, ni halali kweli mama kumfanyia mwanawe hivi? Nifanyeje Bushiri arudishiwe kazi yake bila mama kuaibika na bila nyumba yangu kuvunjika, na je, nimpeleke mama akae kwa kaka yake Lwangwa mpaka mambo yapoe?

Wako katika mashaka,
Ackson

*

Ackson,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nilipofika kwenye kisu nikavuta kiti. Kumkuta mama aliyekuzaa akikuharibia pikipiki kimyakimya si jambo dogo. Pole. Sasa pole imekwisha, tuzungumze.

Umeniandikia skrubu kwa kirefu mpaka nami naweza kuifungua. Igogwe umeipa mistari miwili. Hakuna mwanamume anayepiga shati pasi, akaivuka Rungwe nzima kwenye mvua, kwa petroli ya umma, eti kwenda kuzungumza tu. Mama yako hajui kusoma mita ya pikipiki, lakini wewe amekusoma.

Je, alikosea? Alikosea sana. Injini ikizima kwenye mteremko wa huko kwenu ungeweza kuletwa nyumbani kwenye machela, na huyo mjamzito anayemwonea huruma angekuwa mjane kama yeye. Angekuita akakukalisha chini akakwambia usoni. Mwambie hivyo, kwa adabu, ukiwa umepiga goti. Lakini angalia kilichotokea ukweli ulipojulikana. Yeye alitafuta viatu. Wewe ukaziba mlango.

Usiniambie unalinda heshima ya mama. Mama amekwisha kukubali aibu yake, anaisubiria mlangoni. Unayoilinda ni ya kwako, na unailipia kwa vitumbua vya Shamsia. Kumpeleka Lwangwa? Usithubutu! Umemfukuza fundi kwa kosa lisilo lake, sasa unataka kumhamisha na shahidi.

Fanya hivi. Kwanza Atupele, leo hii, kabla jua halijatua. Asiyasikie kisimani. Mwambie wewe, usianze na “mama anasema,” na ahadi ya kuacha uitoe ukiwa umekwisha kuacha. Pawe na mwanamke mtu mzima anayemwamini karibu, kwa hali aliyonayo. Kisha nenda na mama yako kwa mwenyekiti aliyeongoza siku ile, ombeni mkutano ule ule, watu wale wale. Umtaje Bushiri tena kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti ile ile uliyotumia siku ile. Mama akisema lake, simama naye, useme kwamba safari zile hazikuwa za kazi na gharama ya kabureta ni yako. Wakikuadhibu, ukubali. Yule mwalimu naye ni mtoto wa watu, asiachwe anasubiri. Mwandikie una mke na huji tena, basi.

Na msumari uweke chini. Kisiki hicho usikiguse tena. Bushiri akishasafishwa, na si kabla, mpelekee kabureta uone kama atakubali kuishika. Akikataa, usimnung'unikie.

Jibu hili haliwezi kungoja gazeti. Nalituma kwa posta leo.

Mwanaharusi

*

Wasomaji wangu, nilikuwa nimekusudia kuyaficha majina, lakini Ackson ameniandikia tena akitaka yaandikwe yote. Anasema Bushiri hakufichwa.

Barua yangu ilimfikia ikiwa imechelewa. Mama Tusekile alikuwa amekwisha kuondoka alfajiri peke yake, kwa miguu, mpaka Tukuyu. Ackson alimkuta ofisini kwa mwenyekiti, khanga inachuruzika maji, anaeleza kwa Kinyakyusa kile kisu na zile skrubu, na karani anamtafsiria huku kalamu imemgandia mkononi. Kuhusu Igogwe hakuwa ametamka neno. Alipoulizwa sababu, alimtazama mwanawe tu. Basi Ackson akaisema mwenyewe, pale, na siku ya mkutano akaisema tena mbele ya watu. Ananiambia watu walishika vichwa. Ameandikiwa onyo, pikipiki amepewa mwingine, yeye anazungukia mashamba kwa baiskeli. Mama alikaripiwa na kuambiwa akae chini.

Karakana imefunguliwa. Bushiri aliipokea ile kabureta bila salamu, akakitoboa kisiki katikati kwa keekee nyembamba, akakitoa, akachonga hesi upya, akaifunga mahali pake. Pikipiki ikanguruma, ikatulia. Ackson, aliyekwisha kumwomba radhi mkutanoni, akamwomba tena. Bushiri aliendelea kufuta mikono kwa tambara, kisha akauliza kitu kimoja tu:

“Mama hajambo? Nilimwona akipita siku ile, ameloa sana.”

Atupele hakungoja mkutano. Alikwenda kwa wazazi wake Kyimbila siku ile ile Ackson alipomwambia. Mama mkwe ndiye aliyembebea mzigo. Ackson ananiuliza sasa amfuate, au angoje mpaka ajifungue?

Mfuate, Ackson. Usiende na maneno mengi, nenda na jembe. Ukikuta wamekunyamazia, waulize shamba liko wapi, ulime. Atupele akitaka kukuuliza swali atakuja mwenyewe ukingoni mwa shamba, na hapo umjibu yote atakayouliza, mpaka amalize.