Salamu za Kiwangwa

Shangazi Sakina, shikamoo.

Unaona? Wiki moja tu Tanzania, na mimi wa Nairobi nimeshapata adabu! Siku ya kwanza katika kiwanda cha juisi hapa Kiwangwa, nilimkimbilia fundi Bilali.

"Leta spana, mtambo unavuja!"

"Umeamkaje, dada?"

"Salama. Spana!"

"Watoto hawajambo?"

"Sina watoto!"

"Na baba je?"

Unajua Baba alikuwa hajasema nami tangu nilipokubali kazi hii. Machozi yakanitoka, na juisi ya nanasi ilikuwa imeshatuingia viatuni. Bilali akauzima mtambo, akasema, "Mpigie baba kwanza. Sakafu tutapiga deki."

Nikapiga. Baba akapokea, akaniuliza kama nimekula.

Mwanao akupendaye,
Mehzabin