Vema Nilizoweka Bila Kusikia

Kasulu,
Jumanne.

Kwa dada yangu mpendwa Immakulata,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Mwili ni mzima, ingawa tangu Ijumaa situlii mahali pamoja: nashona mkono mmoja wa shati, nainuka, nakwenda mpaka mlangoni, narudi. Mama anaendeleaje? Mkono alioungua jikoni umekauka? Na mgongo wako je? Mihogo ya huko Kumsenga mmeshamaliza kung'oa?

Unakumbuka nilikuambia nimepata kibarua cha kusikiliza redio. Sikukueleza vizuri. Kampuni moja ya Kigoma huwalipia wateja matangazo redioni, kisha hutafuta mtu wa kuhakikisha yamerushwa kweli kama yalivyonunuliwa, siku ile na saa ile. Mimi nilipewa tangazo moja tu, la Kiha, saa kumi na mbili na robo jioni, kwa siku kumi na nne. Kwenye karatasi liliandikwa "Tangazo la Tatu", basi. Likisikika naweka vema. Lisiposikika naweka alama ya kosa na kupiga simu Kigoma.

Ijumaa bosi mwenyewe, Bwana Abdulrahmani, alikuja. Hata kiti hakukikalia. Alisema mteja analalamika kwamba watu wa mjini walifika wengi, lakini wa vijijini upande wa Kibondo hawakuonekana. Alikuwa na rekodi ya redio ya siku zote. Tukasikiliza saa kumi na mbili na robo ya kila siku. Muziki. Mchezo wa kubahatisha. Muziki tena. Tangazo la Tatu halikuwamo hata siku moja. Akaweka karatasi yangu juu ya cherehani, vema zote kumi na nne, akauliza, "Vestina, wewe ulisikia nini?"

Nikamwomba anisikilizishe hilo tangazo lenyewe. Ni sauti ya mama mtu mzima, Kiha safi kabisa, akiwaambia wazee wenye mtoto wa jicho waende hospitali Kibondo. Madaktari wa macho watakuwapo siku tatu, na upasuaji ni bure.

Dada, nikamwomba alirudie. Ni wale wale madaktari mama aliowakosa.

Mlipopata habari walikuwa wameshaondoka. Baba mdogo Leonidasi akasema mbele ya ukoo kwamba unazima redio ili kutunza betri, ndiyo maana mama haoni. Nami nikakupigia simu na kukuambia kwamba binti anayeishi na mama ndiye masikio ya mama. Mama alipoungua, nikayarudia maneno hayo.

Ungeishika redio kutwa nzima usingesikia kitu. Aliyepewa kazi ya kusikia ni mimi. Jioni nilikuwa nashona sare za shule, redio hata sijaiwasha. Kuna wakati niliweka vema za siku tatu kwa mkupuo. Ningeweka alama ya kosa siku ya kwanza, zingebaki siku kumi na tatu za kulirusha.

Nilimwambia Bwana Abdulrahmani hivyo hivyo. Hakufoka. Alisema kazi yangu imeishia hapo, nami nikaandika maelezo kwa mkono wangu. Kwa maelezo hayo mteja amekubali kuwarudisha madaktari Kibondo, tarehe kumi na nane mwezi ujao. Tangu Jumamosi nazunguka vijiji vya Nyakitonto, kanisa kwa kanisa, nikiitaja tarehe hiyo kwa mdomo wangu. Mzee mmoja aliniuliza kama nina hakika. Nikamtajia tarehe hiyo tena.

Sikupiga simu kwa sababu ungenisamehe kabla sijamaliza. Usiharakishe. Nitafika Jumamosi. Jumapili baada ya ibada, tukikaa na Baba mdogo na wote waliokusema, nataka barua hii uisome wewe, kwa sauti, nami nimekaa mbele yao. Usiruke hata mstari.

Msalimie mama, mshike ule mkono wake mzima kwa niaba yangu. Wasalimie na majirani.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Vestina Nduwayezu